Mvua ya Bafuni

Wirrabilla, New South Wales
9 Februari

Dada yangu mpendwa Merrin,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wagonjwa wa huko Perth hawakuchoshi kupita kiasi. Sisi ni wazima, kondoo wanajikongoja, na mvua bado. Kabla ya habari nyingine nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: maji yaliyopotea tangini niliyamwaga mimi. Yameshuka mgongo mzima wa bati la tangi, Merrin, katika ukame huu.

Tangu Bibi avunjike nyonga, Shangazi Noreen alitaka apelekwe nyumba ya wazee mjini. Mbao za ukuta wa bafu letu zilikuwa zimeoza hata chuma cha Bibi kujishikilia hakikushika, na Shangazi akampa Baba hadi Jumapili alitengeneze. Fundi Lyle ana kazi mpaka Aprili. Basi mimi, ninayeona haya hata kupokea simu, nikasema nitajenga ukuta kwa mabati ya banda la zamani la kukatia manyoya. Lyle alicheka hadi akakohoa, akauliza kama bibi yangu ni kondoo.

Nilibadilisha mbao, nikapigilia mabati, kila bati likilalia jingine kama tunavyofanya paani: kwa kufuata upepo wa magharibi. Baba alipokwenda kurekebisha ua, nikafungua bomba la mvua nijaribu. Maji yakapenya kwenye viungo vyote! Nilisahau kwamba bafuni mvua hainyeshi kutoka magharibi. Inatoka bombani, na bomba letu liko mashariki. Nililia, kisha nikang'oa yote na kuyageuza. Nikajaribu tena, saa nzima, ili niwe na hakika.

Jumapili Shangazi alifika na fomu zake. Bibi akaingia kuoga. Maji yalipogonga bati, sauti ilifika jikoni kama mvua ya paani. Mbwa alijificha chini ya meza. Baba alitoka barazani kutazama mbingu! Aliporudi, uso mwekundu, aligonga mlango: "Mama, dakika zako tatu za maji zimekwisha!" Bibi akajibu kwa sauti: "Niache! Mwaka wa pili huu sijasikia mvua. Na wewe Noreen, fomu zako kawashie jiko!"

Lyle naye alikuja kuikagua kazi yangu, akapitia chumba cha kufulia kilicho nyuma ya bafu, akapapasa mbao za nyuma ya ukuta. Kavu kama unga. Alivua kofia, akasema kondoo hawajawahi kupata bafu kama hili. Bibi anakaa, Merrin! Chumba chake ni kile chako.

Ila Baba bado analizunguka tangi na nyundo, anagonga na kusikiliza akitafuta tundu. Jana alipaka lami mahali pazima kabisa. Namhurumia, na mvua ikinyesha nitamwambia mwenyewe. Mpaka siku hiyo, akikupigia simu, wewe hujui lolote. Bibi anakubusu, nami nakukumbatia. Siri hii ibaki kwako, dada, tafadhali.

Mdogo wako,
Tilda