Ng'ombe Wanne wa Mwisho

Jumatatu, 13 Februari 2006

Barua imefika. Mimi, Najah, kwa kamati ya nidhamu ya chuo! Mwakilishi wa wanafunzi. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwa korido. Nikapigia Baba simu Bisil. Akauliza kama kweli nitakaa meza moja na maprofesa. Ndiyo, Aabo. Nikamsikia akitangazia soko zima la mbuzi.

Jumatano, 15 Februari

Faili ya kwanza. Meitamei, mwaka wa tatu, Afya ya Mifugo, kwao ni Rombo. Alishikwa na mwakenya kwa mtihani — kikaratasi mfukoni, maneno thelathini na moja ya Kimaasai. Akipatikana na makosa anafukuzwa. Basi!

Mwenyekiti, Profesa Munyiva, amenieleza desturi yao: wakati wa kuamua, mdogo ndiye huongea kwanza, asije akafuata wakubwa. Mdogo ni mimi.

Ijumaa, 17 Februari

Mapumziko, dakika kumi. Naandikia magotini. Nisipoandika nitapasuka.

Meitamei aliingia na koti la kuazima. Akasema ukame unamaliza ng'ombe wa baba yake. Mzee hawahesabu, ni mwiko, anawajua kwa majina. Kila anayekufa, nyumbani wanampigia simu, naye anaandika jina lisipotee. Profesa akamwambia asome.

Akasoma. Nado. Naibor. Nakeri, aliyekuwa akimlamba Meitamei mkono utotoni. Kila mmoja na mama yake, na msimu wa mvua aliozaliwa. Wallahi, sijawahi kuona kitu kama hicho! Maprofesa wazima, vichwa chini. Daktari Apondi alivua miwani akaifuta. Mimi nililia waziwazi.

Halafu karatasi ikanifikia.

Majina manne ya mwisho: Oltikana. Oloirobi. Olkipiei. Olodua.

Hao si ng'ombe. Hayo ni magonjwa. Nimeyasikia sokoni kwa Baba tangu nianze kutembea. Na swali la tatu la mtihani, liko hapa mbele yangu: eleza magonjwa manne ya ng'ombe. Hata hayo aliyapa mama na mvua, kwa sauti ileile!

Lakini wale ishirini na saba ni ng'ombe. Wamekufa kweli. Kilio kile hakuna mtu anaweza kuigiza.

Wakati akisoma aliniangalia bila wasiwasi. Msichana Msomali na hijabu yake, Kimaasai atakijulia wapi? Kisha Profesa akasema, "Bahati nzuri Najah ni wa Bisil, baba yake anauza mifugo. Atatuthibitishia majina haya."

Meitamei akanigeukia. Akasema polepole, "Takwenya," vile wao husalimia mwanamke.

"Iko," nikajibu, vile wao hujibu, kabla sijafikiria.

Akafumba macho. Wakamtoa nje.

Wanarudi sasa. Profesa amevua saa yake, ameiweka mezani. Karatasi bado iko kwangu.

"Haya, Najah. Tuanze na wewe."