KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MAJI YA NGAZINI NA NAFASI YA BIBI VIFUNGO

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI WA GHOROFA YA KWANZA

Tarehe: Alhamisi, 16 Mei
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa (tazama pia KUMB. NA. 5/D)
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mshona suti), Mama Ovaloki (mweka hazina), Fundi Zipu (mjumbe), Karani wa Umoja (Katibu)
Mwalikwa: Wakili, mtoto wa dada yake Mwenyekiti
Hakuhudhuria, bila taarifa: Bibi Vifungo (mjumbe), muuza vifungo na nyuzi hapo ngazini (sehemu hii imerekebishwa katika KUMB. NA. 5/D)

KUMB. NA. 1/D: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri. Alieleza kwamba wote wanajua kilichotokea, hivyo hakuna haja ya kukitaja. Katibu aliomba kitajwe, kwa kuwa kumbukumbu husomwa hata na wasiojua.

Ilielezwa kwamba kila asubuhi mafundi humwaga maji sakafuni ili vumbi la vitambaa litulie. Ndoo ni moja. Anayewahi kufika huijaza, humwaga mlangoni kwake, kisha humpa jirani, na wa mwisho humalizia ngazini. Wiki iliyopita Bibi Vifungo aliteleza kwenye ngazi hiyo, akaangukia ndoo na kuvunjika mguu. Ndoo nayo ilipasuka.

KUMB. NA. 2/D: MAHUDHURIO
Mama Ovaloki alisema ametumiwa salamu na Bibi Vifungo kwamba hawezi kushuka kitandani. Wakili alishauri salamu hizo zihesabiwe hazijafika. Umoja ukiandika kwamba mjumbe hayupo kwa sababu ya mguu uliovunjikia ngazini, utakuwa umekiri, na kumbukumbu hizi zinaweza kuitwa mahakamani.

Katibu aliuliza ataandikaje kwamba taarifa haikutolewa, ilhali imetolewa mbele yake. Mwenyekiti alisema, "Mwanangu, andika ulivyoambiwa." Katibu aliandika. Aliuliza kama aandike pia kwamba aliambiwa. Hakujibiwa, kwa hiyo imeandikwa.

KUMB. NA. 3/D: MAELEZO YA WAKILI KUHUSU UZEMBE NA FIDIA
Wakili alieleza kwamba mdai huthibitisha mambo matatu: kwamba ulikuwa na wajibu wa kumkinga na madhara, kwamba uliupuuza, na kwamba aliumia kwa sababu hiyo. Zamani, asipojulikana aliyemwaga maji, kesi ilikufa. Siku hizi wapo majaji wanaosema kwamba waliofanya jambo kwa pamoja wabebe mzigo kwa pamoja, na kila mmoja anaweza kudaiwa mzigo wote. Wapo wengine wasiokubali.

Fundi Zipu aliuliza Umoja uko upande wa majaji gani. Wakili alisema hilo hujulikana hukumu ikishasomwa.

Fundi Zipu alitaka ieleweke kwamba siku ile yeye alikuwa wa pili kushika ndoo. Mama Ovaloki aliuliza, "Wa pili kutoka mwanzo au kutoka mwisho?" Mwenyekiti alisema yeye alichelewa kufika. Mama Ovaloki alisema, "Ulichelewa, mzee wangu, lakini viatu vyako vililowa mapema." Mwenyekiti aliagiza maneno ya viatu yafutwe. Katibu alieleza kwamba kufuta kunahitaji sahihi za wajumbe wote. Mama Ovaloki alikataa kutia sahihi yake.

Fundi Zipu alikumbusha kwamba aliyeomba maji yamwagwe ni Bibi Vifungo mwenyewe, vumbi lilipokuwa likichafua vifungo vyake. Wakili alifurahi, akasema aliyekubali hatari kwa hiari yake hana la kudai. Mama Ovaloki alijibu kwamba bibi aliomba vumbi litulie, hakuomba ngazi igeuzwe mto. Wakili alikubali kwamba hilo nalo lina uzito.

Kuhusu kumtembelea, Wakili alieleza kwamba mahali pengine sheria mpya zinamlinda anayemwendea majeruhi kumpa pole. Hapa bado linabishaniwa. Jaji mmoja huona ni utu, mwingine huona ni kukiri kosa. Alirudia ushauri wake wa tangu wiki iliyopita, kwamba mtu asiende. "Mdomo huponza kichwa," alisema. Mama Ovaloki alisema tangu aanze kutii ushauri huo hapati usingizi.

KUMB. NA. 4/D: NAFASI YA NGAZINI
Fundi Zipu alieleza kwamba, kwa mujibu wa Kanuni ya 9, anayekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa hupoteza nafasi yake. Vikao viwili vilivyopita Bibi Vifungo alikuwa kwenye msiba wa kaka yake, na taarifa zilichelewa. Hiki ni cha tatu. Aliongeza kwamba meza yake mwenyewe iko gizani, na pale ngazini pana dirisha. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema.

Mama Ovaloki aliuliza, "Zipu, mwenzako amelala na plasta, wewe unapima dirisha?"

Mwenyekiti alimtazama Wakili. Wakili alisema Kanuni iko wazi. Kisha alisema hapana, ngoja. Kama nafasi imepotea kwa sababu ya mguu, na mguu ni kwa sababu ya maji, basi kuichukua nafasi kunaongeza madhara. Lakini kuiacha ni kukubali kwamba taarifa ilifika. Mwenyekiti aliuliza, "Sasa mjomba wako afanye nini?" Wakili aliomba maji ya kunywa.

Katibu, kwa hofu ya kukosea, alisoma sehemu ya pili ya Kanuni ya 9: mjumbe hataondolewa kabla ya kusikilizwa kikaoni. Mama Ovaloki alisimama na kusema, "Hawezi kuja kikaoni. Kikao kina miguu." Fundi Zipu alipinga. Mwenyekiti alichukua koti lake.

KUMB. NA. 5/D: KIKAO KUENDELEA CHUMBANI KWA BIBI VIFUNGO
Kikao kilihamia mtaa wa nyuma. Wakili aliulizwa njiani kama hii ni ziara au ni kikao. Alisema hajawahi kusoma kesi ya namna hiyo.

Bibi Vifungo alikuwa kitandani. Alisema, "Niliona kimya, nikasema wamekasirika kwa ile ndoo. Nitainunua nyingine."

Mama Ovaloki alilia, akampa pole. Katibu alimwuliza Mwenyekiti kama hilo liandikwe. Mwenyekiti alisema, "Andika. Na pole yangu iandike. Na ya viatu yaache yalivyo."

Bibi Vifungo aliarifiwa kuhusu Kanuni ya 9. Alisema, "Nikitaka kudai nitadai, hilo ni langu na mahakama. Lakini nimekaa ngazini pale kabla Zipu hajajua kutunga uzi. Asiyekuwepo na lake halipo, sivyo baba? Haya, niandikeni."

Iliamuliwa kwamba mahudhurio yarekebishwe. Fundi Zipu aliomba isomeke kwamba hakupinga uamuzi huu. Alikuwa amepinga kuhama tu.

Aliyehudhuria: Bibi Vifungo, akiwa kitandani.

Iliamuliwa pia kwamba kuanzia kesho maji yasimwagwe. Bibi Vifungo aliuliza vumbi je.

Mwenyekiti alikifunga kikao saa kumi na mbili jioni. Wajumbe waliendelea kukaa.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)
Mjumbe, kwa ombi lake, ili ijulikane alikuwepo: (sahihi) Bibi Vifungo