Daftari la Kisima cha Chamwino

Dodoma, Alhamisi, mwezi wa Shaabani

Na bado sijui ningemjibu nini Mama Ndahani. Amekuja bomani leo kwa miguu kutoka Chamwino, akiomba nimsomee shauri la kisima alichochimba marehemu mumewe. Jirani amekidai, na mashahidi wote wameshakufa.

Shauri lile nililiandika mwenyewe nilipoanza ukarani. Nikaingia stoo, nikafungua daftari. Mchwa wamekula kurasa zote, limebaki jalada na udongo.

"Mama, maandishi yameharibika," nikamwambia.

Akanitazama. "Mlituambia karatasi haisahau. Ndiyo maana hatukuwakaririsha watoto habari za kisima."

Nikaenda kwa Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma letu, kumwomba kwa mara ya tatu sakafu ya mawe na masanduku ya bati. Nikamwambia serikali ndiyo iliyowataka watu walete haki zao humu ziandikwe, basi na igharimie kuzitunza. Hakuinua macho.

"Fedha zimekwenda kwenye banda la farasi," akasema. "Zile ni karatasi kuukuu tu, karani."

Alasiri shauri likakatwa. Kisima amepewa jirani.

Nimeanza kunakili madaftari yaliyobaki, kwa karatasi yangu. Ni mengi, na macho yangu si yale ya zamani. Sijui kama nitawahi kabla ya mchwa.

Mama Ndahani alipoondoka alinishika mkono, akanishukuru kwa kumtafutia. Afadhali angenitukana.