Gadenia Yako ya Ukutani

Sakina wangu,

Nakuandikia nikiwa uani kwako, hapa Kasongo. Shemeji, huyo mumeo, amelala ndani, anakoroma vilevile. Usihangaike juu yake: anakula, ananenepa, na ameanza tena kubishana na majirani.

Nataka kukuambia habari ya gadenia yako, ule mti wa maua meupe ya kunukia, pale ukutani. Ilitaka kufa, Sakina!

Ulipokwisha kututoka, ilikuja amri nyumba zote za barabara yetu zipakwe chokaa, maana mkubwa fulani wa Serikali alikuwa anakuja. Shemeji akaupaka ukuta ukawa mweupe kama yai. Mkubwa mwenyewe akapita na gari yake bila hata kugeuza shingo. Kisha mvua zikaanza, na gadenia ikaanza kugeuka manjano, hasa majani machanga ya juu. Mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani.

Sote tukajifanya waganga. Mimi nilisema ina kiu, nikaimwagia maji. Shemeji alisema ina njaa, akawa anaipelekea majivu ya jikoni kila asubuhi, kama anavyofanya kwenye migomba. "Kula, mama, kula," alikuwa akiiambia, nami nageuza uso asinione ninavyolia. Ikazidi manjano.

Ndipo dada ya Shemeji, Shangazi Tausi, akafika kutoka Nyangwe kutayarisha ndoa ya binti yako Mwajuma. Alipoiona tu akasema, "Muti huu unamufuata mwenyewe. Tuukate mbele ya ndoa, usimuletee mutoto mukosi." Na panga ameshashika! Lakini Mwajuma alikuwa ameapa kuvaa maua yako kichwani siku ile. Akasimama mbele ya mti. "Shangazi, ukitaka kukata, anza na nywele zangu."

Huyo ni wewe mtupu.

Nikamwomba Shangazi angoje mpaka mwezi wa kufunga uishe. Nikarudi kwangu nimechoka, na macho yakaangukia kigadenia changu, kile ulichonikatia kwenye mti huohuo. Bado ni kidogo, hakijatoa ua hata moja, lakini majani yake yalikuwa yanang'aa kijani. Asili yao ni moja na mvua ni ileile. Sasa kwako kuna nini ambacho kwangu hakipo? Nikautazama ukuta wangu. Udongo mtupu, haujawahi kuguswa na chokaa, kwa kuwa nakaa nyuma, mbali na barabara.

Nilirudi kwako mbio, nikapiga magoti, nikachimbua kwa vidole. Chini ya mti kulikuwa kweupe: mvua iliosha chokaa ya ukutani ikaishusha pale, na majivu juu yake. Hapo nikakusikia kabisa, ukiupelekea maganda ya kahawa huku unacheka, "Huyu anapenda udongo muchachu, kama mimi na ndimu." Uchachu wote sisi tulikuwa tumeuua kwa chokaa na majivu.

Shemeji akashika kichwa. "Kumbe ni mimi niliyekuwa ninamumaliza?" Nikamwambia, "Hapana, ulikuwa unamlisha kwa mapenzi, ila chakula siyo chake."

Mimi na Mwajuma tuliuondoa ule udongo mweupe polepole, maana mizizi yake iko juujuu. Shemeji akaleta kwa baiskeli magunia ya majani yaliyooza kutoka porini, tukachanganya na maganda ya kahawa. Akachimba na mfereji mdogo wa kupeleka maji ya ukutani upande mwingine. Yale majani ya manjano hayakupona. Yalidondoka moja moja, na kila lilipodondoka Shangazi aliguna. Lakini kwenye ncha yakachomoza mapya, kijani! Halafu vichipukizi vya maua.

Ndoa ilifungwa baada ya Idi. Mwajuma alizungushiwa maua yako kichwani, nyumba nzima ikanukia. Shangazi Tausi akachuma moja, akalichomeka sikioni bila kumwomba mtu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikalia pia kidogo. Ulipaswa kuwapo.

Sasa Mwajuma yuko Kabambare kwa mume wake, na jana tumepata habari: ana mimba. Wewe ni nyanya, Sakina!

Pumzika salama, rafiki yangu. Siku zake zikikaribia nitapanda kamyo, lile lori la kwenda Kabambare, hata kama nitatapika njia nzima. Na mtoto huyo nitampakata kwa niaba yako, kabla mtu mwingine yeyote hajanyoosha mikono.

Riziki wako