Oska Ndani ya Bakuli la Bi Thuwaiba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Leo nimevunja rekodi ya mtaa! Bi Thuwaiba, jirani yangu wa mlango wa pili hapa mtaani Malindi, jana kaniletea mihogo ya nazi ya kufuturia. Bakuli la jirani haliwezi kurudi tupu, na mie kupika sijui. Wiki iliyopita nilirudisha na biskuti — aibu! Basi leo nimerudisha na samaki. Mzima, anaogelea! Aina yake oska: mdogo, mweusi, madoa ya rangi ya chungwa, mrefu kama kidole. Nimemnunua Darajani, kwa muuza samaki wa mapambo. Akaniuliza, nyumbani una samaki wadogo? Nikamwambia, bwana wee, mie nimekaa Dubai, nimelea samaki wa hoteli nzima, unanisomesha samaki?

Mumewe Bi Thuwaiba, Mzee Makungu, kapigwa kiharusi mwaka jana. Hatoki. Kutwa anatazama tangi lake la samaki pale sebuleni. Vimo vijisamaki vinne vyenye mstari wa buluu unaowaka, kila kimoja kakipa jina la mwenzake wa timu yake ya mpira ya zamani: Kurwa, Wakil, Anuar na Simai. Wachezaji wenyewe wote marehemu. Anavyovitofautisha hivyo vijisamaki, mie sijui.

Mzee akauliza, kwa ule mdomo uliopinda, "Huyu hali wenziwe?"

Nikaweka mkono kifuani. "Mzee, Dubai hawa wanalala kitanda kimoja!"

Nyumba nzima ikacheka, ila mzee mwenyewe. Nikammimina tangini.

Jumatano, 12 Machi

Kurwa hayupo. Mzee kamtafuta tangu asubuhi. Bi Thuwaiba kamshuku paka, na mie nikadakia — eti paka wa siku hizi hawaogopi maji! Nikamkimbiza paka wa watu na kandambili mpaka uchochoroni. Tangi nikalifunika kwa kawa. Wakanishukuru!

Nyumbani nikafungua simu, nikatazama. Oska anakula chochote kinachoingia mdomoni mwake. Chochote. Hafugwi na samaki wadogo. Tena anakua, anakuwa kama sahani.

Saumu gani hii, mdomo umejaa uongo.

Na hiyo Dubai — basi niandike, hapa hasomi mtu. Hoteli ilikuwepo, kweli. Tangi lilikuwepo, kubwa kama chumba. Kazi yangu ilikuwa kufuta kioo. Kwa nje.

Ijumaa, 14 Machi

Wakil na Anuar. Wote wawili!

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda, nimeshajipanga: nitasema oska anaumwa, nimchukue nikamtibu. Nafika ngazini nasikia Salhiya, binti yao, anamgombeza mama yake.

"Mama, ni yule mweusi! Nimemwona kwa macho yangu, mkia wa Wakil unaning'inia mdomoni. Mrudishie Ami Hija dubwana lake!"

Bi Thuwaiba, sauti ya chini, "Zawadi ya jirani, mwezi mtukufu huu, nimrudishie usoni? Na alivyoileta kwa furaha vile! Atajisikia vibaya. Na wewe usimwambie neno."

"Na baba?"

"Baba yako n'tamwambia paka."

Nikashuka ngazi za watu kwa ncha za vidole, kama mwizi. Mimi, Hija, ninayejulikana mpaka bandarini kwa sauti! Mama wa watu anaacha samaki wa mumewe waliwe ili mie nisifedheheke. Na magharibi bakuli limekuja tena. Kaimati. Sikuonja hata moja.

Jumapili, 16 Machi

Kabaki Simai tu.

Alasiri nikaenda na ndoo na wavu. Nimeazimia: nitasema yote, mbele ya mzee mwenyewe. Bi Thuwaiba kafungua mlango, kaiona ndoo, akatazama pembeni. "Karibu, Hija. Umekuja kutusafishia tangi?"

Ananipa pa kutokea! Nikasema la, Bi Thuwaiba, nina neno na mzee.

Nikakaa chini, karibu na kiti chake. Shikamoo. Marahaba. Akanishika kwa ule mkono mzima, akanionyesha kioo. Simai kajibana nyuma ya pampu. Yule mweusi anapita mbele yake, anarudi, anapita. Na mzee — anacheka! Tangu kiharusi sijasikia kicheko chake.

"Beki huyo," anasema. Maneno yanamtoka moja moja. "Anamkaba Simai. Hampi... nafasi."

"Na wale wengine, Mzee?"

"Wamechoka. Wako nje." Akanibana mkono. "Huyu hachoki. Umeleta mchezaji, Hija."

Hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze.

"Mzee," nikasema, "huyu samaki wangu..."

"Naam?"

Bi Thuwaiba kasimama mlangoni na kitambaa cha jikoni, ananitikisia kichwa: usiseme. Mzee kanikazia macho, anangoja, haniachi mkono. Wavu uko kwenye mkono wangu wa pili, mkavu.

"Huyu samaki wangu ana njaa, Mzee. Ngoja nikamtafutie dagaa."

Naandika kwenye simu, Darajani, mbele ya muuza dagaa. Ndoo nimeiacha kule. Muuzaji ananiuliza mara ya pili, nataka kiasi gani, adhana inakaribia. Oska akishiba huenda akamsahau Simai kwa leo. Huenda. Simai yuko naye peke yake sasa hivi, na mzee anatazama.