Hatua Sitini na Mbili

4 Machi

Kwako mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa goti na hasira. Goti hupoa jioni.

Mwaka jana, tulipokwisha kumzika mama yako, ulinipigia simu: "Nisamehe baba, nisingewahi, safari ya ndege ni siku tatu." Nikakubali. Mimi fundi cherehani wa darasa la nne, ndege naijua tumbo tu, ikinipita juu. Jana jirani yetu mwalimu kanionyesha tiketi yake ya kwenda mji wako. Anaondoka saa mbili asubuhi, anafika saa nane mchana, siku hiyohiyo. Saa sita! Suruali ya mifuko minne inanichukua zaidi.

Mama yako alikungoja mochwari siku mbili. Eleza.

Baba yako, mwenye macho bado

19 Machi

Shikamoo baba,

Pole na goti. Mimi sijambo. Tiketi imekuchanganya. Saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa saa nane, ndiyo maana inaonekana fupi. Safari ni saa kumi na nne, kilomita elfu kumi na tatu. Si saa sita.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba, bingwa wa hesabu.

Nimepima ramani ya kwenye kalenda kwa futi yangu ya viuno vya watu: inchi saba. Haya, nilikuja na saa sita, umeniongezea nane, na bado umejifunga kamba mwenyewe. Kumi na nne ndiyo siku tatu? Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Yako wewe ina kilomita elfu kumi na tatu!

Ulikuwa wapi? Mpaka uniambie, usiniite baba. Niite kama wateja.

Fundi

30 Juni

Shikamoo baba. Siwezi kukuita fundi.

Nilikuja. Bosi alinizungusha na ruhusa siku nzima, nikapanda ndege ya mwisho. Teksi ilinishusha pale konani kwa mshona viatu, nikakuta watu wanarudi kutoka makaburini na majembe. Nikakuona mlangoni unawatania ili wasilie, huku jicho liko barabarani. Nikaogopa kukutazama usoni, nimechelewa maziko. Nikarudi uwanja wa ndege.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Mshona viatu aliniambia siku ile kuna mtu mwenye koti analia konani kwake. Nikamjibu, atakuwa mteja wako, umemharibia viatu. Kumbe!

Mjinga wee! Saa kumi na nne kuja, kumi na nne kurudi, kwa kuogopa baba mwenye goti bovu? Leo asubuhi nimetoka na gongo langu la kutembelea, nikahesabu kutoka kona ile mpaka mlangoni. Hatua sitini na mbili, za mzee anayechechemea. Zako hazifiki hamsini.

Hizo ndizo unazodaiwa. Njoo uzimalize. Usipige hodi kama mgeni. Gongo litakuwa nyuma ya mlango. Nitaanza nalo mgongoni mwako, kisha tutaenda pamoja kwa mama yako, wewe utanishika mkono.

Baba yako