Dakika Kumi za Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo, kisha jua kali kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sera ya vipindi imepita. Mikutano mitatu, kreti moja ya soda, na ugomvi mrefu juu ya neno "burudani". Sasa televisheni yetu ya wanafunzi ina vifungu ishirini na viwili na kamera mbili, moja nzima. Mwenyekiti wa kamati ya vipindi yuko mwaka wa nne, anasoma sheria, tunamwita Kifungu. Aliisoma yote akiwa amesimama. Anachokipenda ni kifungu cha saba: anayelalamikiwa atapewa dakika sawasawa na waliomlalamikia. Nilinyoosha mkono kukubali. Ni haki. Kwa mtu aliyetoka sekondari mwaka jana, kama mimi, ilisikika haki kabisa.

Kipindi cha kwanza chini ya sera: ghorofa ya tatu ya bweni la wasichana haina maji tangu chuo kifunguliwe. Wasichana watatu wamesharekodiwa, dakika kumi. Anayelalamikiwa ni matroni wa bweni — yaani shangazi yangu. Nalala kwake na kula kwake, maana ada ilipolipwa hakikubaki cha kulipia bweni. Nikaiambia kamati ni shangazi yangu, nitolewe kwenye kipindi hiki. Kifungu akapekua kurasa mbele, akapekua nyuma. Sera haimjui shangazi, akasema. Nibaki kwenye ratiba na sauti kama kawaida.

Jumanne, 5 Machi

Jua. Nimetumwa kumpelekea shangazi mwaliko, kwa kuwa "unakwenda huko huko".

Alikuwa anamenya viazi. Akausoma mara mbili, miwani imeshuka puani.

"Nani kaandika 'mtuhumiwa'?"

"Mwenyekiti, shangazi."

"Mwambie mtuhumiwa ana kazi."

Akarudi kwenye viazi. Kisha, bila kuinua uso: "Na wewe tarishi, hivi utakula, au sera imekataza?"

Nilikula.

Alhamisi, 7 Machi

Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Shangazi hakuja. Nilidhani tutapiga muziki. Kifungu akakataa katakata: dakika kumi ni zake, tukizijaza muziki tumezila. Kurekodi mapema pia hapana, mhusika anaweza kufika wakati wowote. Basi kiti. Moja kwa moja hewani — kiti cheupe cha plastiki katikati ya studio, na cheo cha shangazi kimeandikwa chini ya skrini. Katikati ya dakika hizo mpiga picha, binti wa mwaka wa pili asiyejua kunyamaza, akachoka. Akakisogelea kiti taratibu mpaka mguu mmoja ukajaa skrini nzima. "Upande wa pili unafikiria," akaninong'oneza baadaye. Nilicheka. Kisha nikakumbuka ni kiti cha nani.

Kantini walipiga makofi. Nyumbani nilimkuta shangazi mbele ya televisheni, ameangalia mpaka mwisho. "Kile kiti mngekifuta vumbi," akasema. Akaizima, akaenda kulala.

Ijumaa, 8 Machi

Joto. Kiti kimepata watazamaji wengi kuliko mpira.

Wakubwa nao wameamka. Msimamizi wa maktaba alialikwa aeleze vitabu vilivyofungiwa stoo. Akajibu kwamba anaomba kiti. Meneja wa kantini vilevile. Wana akili — kiti hakiulizwi swali la pili. Mhadhiri mlezi wa kituo amesema hana neno na sera, ila plastiki inadhalilisha vyeo. Kamati ikakaa alasiri nzima. Plastiki kwa watumishi wa kawaida, mbao kwa wakuu wa idara, na chenye mikono kwa mkuu wa chuo, Mungu apishe mbali. Tena kiti kisisogelewe: kamera isimame peke yake studio, mpiga picha akae nasi nyuma ya kioo. Fundi seremala wa mtaa wa nyuma aliomba kuandika namba yake ya simu kwenye egemeo. Amekataliwa, kwa kura moja.

Maji ya ghorofa ya tatu hayakuwa kwenye ajenda.

Jumapili, 10 Machi

Mvua mchana kutwa.

Wasichana wanamwita shangazi Mama Kiti. Kaniambia mwenyewe, akicheka, halafu kicheko kikaisha. Nikamuuliza kwa nini asije aseme. Akafunga mlango kwanza, ingawa tuko wawili tu. Pampu imekufa. Ameripoti mpaka amechoka. Mkuu wa idara ya majengo kamwambia wazi: ukifungua mdomo nje ya ofisi, mkataba wako hauongezwi. Unaisha Juni.

"Mkataba huo tunaula wawili," akasema. "Acha waniite Mama Kiti. Jina halivunji mfupa."

Jumatatu, 11 Machi

Mawingu. Nimesema kwenye kamati kuwa anayenyamaza si lazima awe hana la kusema. Sababu sikuweza kuitoa. Kifungu akanitazama kwa huruma. Nikitaka kifungu cha saba kibadilishwe, nikusanye saini hamsini, nisubiri muhula ujao. Kisha wakapitisha marudio keshokutwa, kwa maombi ya watazamaji. Kinachorudiwa hurudiwa chote, na kiti chake.

Ratiba naandika mimi. Nimekiweka saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wanaoga, angalau waone wachache.

"Wanaoga kwa maji gani?" akauliza mpiga picha.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi kulikuwa na jua, nadhani.

Wasichana walirushwa, dakika kumi. Kikaingia kiti, moja kwa moja hewani kama mara ya kwanza. Mimi kwenye sauti, hedifoni masikioni, saa mbele yangu. Mlango wa studio ukafunguka. Shangazi, na sare yake, mikono imelowa mpaka viwikoni. Akakifuta kiti kwa upindo wa gauni, akakaa.

"Wanangu," akaanza, "leo msichana kateleza ngazini na ndoo, kavunjika mkono. Sasa nasema." Akaieleza pampu, na mara alizoripoti, polepole, kama anayeita majina bwenini. Nikamwona Kifungu ananionyesha kidole kimoja. Dakika moja? Nikamwambia ndiyo kwanza anaanza. Akanijibu kwa sauti ya chini, bila hasira hata kidogo: dakika nne zimeshatumiwa na kiti. Kumi ni kumi.

"Na pampu mpya ililetwa," shangazi akasema. "Niliipokea mimi. Sasa niulizeni iko wapi."

"Kata," akasema Kifungu.

Nikakata sauti. Saa ilikuwa imetimia, kidole kikashuka.

Picha ikabaki. Midomo ya shangazi ikaendelea, chuo kizima kinaangalia, kimya. Spika ya kwetu nyuma ya kioo nayo kimya. Lakini kitufe cha kukata sauti hakigusi hedifoni. Mimi nilisikia. Pampu iko nyumbani kwa mkuu wa majengo, nyuma ya banda la kuku, inamwagilia bustani yake. Alimtaja kwa cheo na kwa jina. Kisha akashukuru, akainuka.

Kifungu akanipa mkono. Huo ndio utekelezaji, akasema. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetajwa hewani, hatudaiwi dakika na mtu.

Alhamisi, 14 Machi

Ukungu. Naandika kabla hatujatoka.

Shangazi ameitwa utawala saa tatu. Mimi pia — "aliyekuwa kwenye sauti". Mkuu wa majengo atakuwepo. Wanataka kujua matroni alimtaja nani baada ya sauti kukatwa. Nikisema, shangazi anafukuzwa hata Juni haijafika. Nikisema sikusikia, pampu inabaki bustanini, na msichana mwingine atapanda ngazi na ndoo.

Jana usiku aliniwekea chakula kama siku zote. Tulikula. Ndipo akauliza, "Ulinisikia?"

"Nilikusikia, shangazi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akachukua kopo la mafuta, akajipaka viganjani. Nilingoja aniambie niseme nini. Akaniambia nizime taa ya jikoni nikimaliza.

Usingizi ulinipata saa nane na nusu.